Oili ya giaboksi na ya difu kwa pikapu: ununue ipi hapa Malindi

Tangu masika yashike, wenye pikapu wananijia na lalamiko moja tu. Gari limetoka servisi, oili ya giaboksi imebadilishwa, halafu baada ya muda gia ya pili inakwaruza asubuhi na ya tatu inagoma ukitaka kushuka nayo. Mmoja anabeba chumvi kutoka Gongoni, mwengine anapeleka maembe Mombasa, mwengine mawe ya kujengea. Magari mbalimbali, mafundi mbalimbali, lakini ukiwauliza wamewekewa oili gani jibu ni lile lile, "ile ya gia". Ya gia ipi? Hapo kimya. Ukienda kutafuta lile chupa garajini unakuta limeandikwa GL-5, daraja la oili ya difu, na ndo hilo hilo lililojaziwa difu, ile boksi ya gia kwenye eksili ya nyuma, maanake dukani walinunua galoni moja la kazi zote mbili kwa sababu muuzaji kawaambia "hii inaingia kote".

Haiingii kote jamani. Na hilo ndo nataka tulizungumze leo, mengine yote ntayapitia haraka.

Sitapoteza muda na namba za uzito, 75W-90 dhidi ya 80W-90, watu wanabishana sana hapo na kwa sisi wa pwani faida yake ni ndogo. Hiyo namba yenye W inapima vile oili inavotembea kwenye baridi, na Malindi hakuna asubuhi gari litaamka kwenye barafu. Ile namba ya pili, 90, ndo inayopima uzito wake ikishapata moto, hiyo fuata kitabu cha gari. Na usiilinganishe na oili ya injini, vipimo vyao ni mbali mbali, gia 90 si nzito mara mbili ya injini 40 kama wanavodhani wengi.

Sasa njoo kwenye shaba. Ndani ya giaboksi ya manual kuna ringi za sinkronaiza, na kwenye pikapu nyingi ringi hizo ni za shaba. Kazi yake ni kusugua gia inayozunguka mpaka mwendo wake ulingane na wa shafti kabla meno hayajashikana, kwa hivo zinataka msuguano wa kiasi, zikiteleza hazifanyi kazi. GL-5 imetengenezwa kwa difu, ina dawa ya salfa na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4, daraja la oili ya giaboksi, kwa sababu kwenye difu ya pikapu pinioni, ile gia ndogo, imekaa chini ya katikati ya kraun, ile gia kubwa, na meno yanateleza moja juu ya jengine kwa shinikizo kubwa, bila dawa hiyo chuma kinakula chuma. Dawa hiyo hiyo ukiiweka kwenye giaboksi inafanya mambo mawili, inatelezesha zile ringi zisishike, na zile salfa kali oili ikipata moto zinaila shaba pole pole. Hutaona kitu wiki ya kwanza. Unaona siku gia inaanza kulia, na hapo kumwaga oili peke yake hakurudishi shaba iliyokwisha liwa, giaboksi inashushwa.

Kuna kipimo cha jambo hili na hakuna muuzaji hata mmoja anayekizungumzia. Kinaitwa ASTM D130, kipande cha shaba kinatiwa ndani ya oili ya moto kwa saa kadhaa kisha kinatazamwa rangi, 1 ni safi, 4 ni kimeungua cheusi. Sheria ya GL-5 inaruhusu mpaka 3! Yaani oili inaweza kuikoza shaba rangi ya kiza na bado ikapata cheti chake cha GL-5 kihalali, kwa sababu difu haina hizo ringi. Kampuni kubwa zina karatasi ya sifa za kila oili, unaipata kwenye simu yako hapo hapo dukani, tafuta mstari wa "copper corrosion". Ukiona 1a au 1b, vizuri. Mstari haupo kabisa? Mi simwekei mtu giaboksini. Huu ndo mstari ambao ningetaka kila mwenye pikapu auangalie kabla ya bei, kabla ya rangi ya chupa, kabla ya kila kitu.

Na msidanganywe na neno "GL-5 inazidi GL-4". Kwa kubeba mzigo inazidi, kweli. Kwa shaba haizidi. Vitabu vingine vya Toyota vinaandika GL-4 au GL-5 kwa giaboksi, sawa, wenyewe wamekubali, lakini hata hapo mi ningechagua GL-4. Kinyume chake pia usifanye, GL-4 kwenye difu ya pikapu ya mzigo ni kuyauza meno ya kraun.

Haya, nipange sasa.

Namba moja kwangu ni Shell Spirax na sijifichi, naipenda. Sababu si ubora peke yake, ni jina. Spirax S2 G ni ya giaboksi, GL-4. Spirax S2 A ni ya difu, GL-5. Herufi iko mbele ya chupa, kubwa, hata ukimtuma kijana dukani na hajui kitu unamwambia niletee moja ya G na moja ya A basi. Nani mwengine amemfikiria mnunuzi hivo? Ukitaka ya juu zaidi kuna S4 G 75W-90, ambayo nayo ni GL-4. Kama difu yako ni ya LSD, ile inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, chukua Spirax yenye herufi ALS, ya kawaida itakuletea kelele na kutetema kwenye kona. Difu ya kawaida ya pikapu nyingi inataka lita mbili mpaka tatu na kitu, giaboksi hivo hivo, kwa hivo chupa za lita lita zinakutosha, huna haja ya galoni kubwa.

Ya pili TotalEnergies, zile Traxium. Nazo majina yanaeleweka, Traxium Gear na Traxium Axle, na wana moja inaitwa Traxium Dual 9 FE ambayo imekusudiwa tangu mwanzo kuingia pote pawili. Hiyo ndo "inaingia kote" ya kweli, ya sinthetiki, na bei yake inakwambia kwamba si ile ya galoni la mtaani. Kama gari lako ni la kazi ngumu, la kwenda Marafa na Langobaya na mzigo kila siku, na mfuko unaruhusu, chukua.

Ya tatu Castrol. Oili nzuri sana, ila majina ya zamani yamewaponza watu: EP ni ya giaboksi, EPX ni ya difu, tofauti ni X moja tu. Siku hizi wanaandika Manual EP na Axle EPX, afadhali, lakini ukikuta stoki ya zamani kwenye rafu ya juu yenye vumbi soma mara mbili.

Ya nne oili za Toyota wenyewe. Naziweka chini si kwa ubaya, LV ya GL-4 ni tamu kwa giaboksi zinazoitaka. Lakini ile ya difu, LT 75W-85, ni nyepesi, imetengenezwa kwa magari mapya kupunguza ulaji wa mafuta ya gari, usije ukaitia kwenye Hilux ya zamani inayobeba mawe na kitabu chake kinasema 90. Na jina likiwa kubwa ndo wanaoghushi wanalipenda.

Za kupimiwa kutoka kwenye pipa: hapana.

85W-140 nayo wengi wananiuliza. Kwa difu ya mzigo mkubwa na joto letu hili kama kitabu kinaruhusu, weka. Ila jueni pia kwamba mtu akitaka kukuuzia pikapu yenye difu inayolia huitia 140 inyamaze siku ya kukuonesha, kwa hivo ukinunua gari kuukuu mwaga oili ya difu uione kwanza. Na wale wanaopita maji, iwe Gamba wakati wa mafuriko au kivuko chochote cha mto, mwaga pia. Difu yenye moto ikiingia majini inajivuta hewa ndani kwa kile kipumulio cha juu, kikiwa kimeziba kwa matope maji yanaingia kwenye sili, oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa haina kazi tena hata kama uliiweka mwezi jana.

Tahadhari kubwa kwa wenye Isuzu. Giaboksi nyingi za manual za TFR na D-Max za zamani hazitumii oili ya gia kabisa, zinatumia oili ya injini. Ndio, ya injini! Fundi asiyejua atakutilia 90 na gia zitakuwa ngumu. Fungua kitabu, usimsikilize mtu, hata mimi.

Na otomatiki ni kitabu chengine kabisa. Hapo unanunua ATF kwa jina la spesifikeshoni si kwa rangi nyekundu, nyingi ni nyekundu. Toyota WS na Toyota T-IV si kitu kimoja, WS ni nyepesi, usizibadilishane. Dexron III, ATF ya General Motors, wenyewe waliacha kuitolea leseni mwisho wa 2006, kwa hivo chupa mpya ikikuandikia Dexron III ni ahadi ya mtengenezaji tu, hakuna aliyeikagua.

Sasa wauzaji. Mwanzo wa 2024 dola ilifika shilingi 160, kila duka la spea likapandisha oili na sisi tukasema sawa, dola. Miezi michache tu ikashuka mpaka kama 130, na imekaa hapo. Je, bei ya oili mmeiona ikirudi? Ukiuliza unaambiwa "mama, hii ni stoki ya zamani". Stoki gani ya zamani isiyokwisha miaka yote hii? Ilipokuwa inapanda stoki ya zamani ilipanda usiku mmoja! Inaniuma kwa sababu anayelipa ni yule kijana wa chumvi, na akiona GL-4 nzuri ni ghali ndo anakubali lile galoni la kote, halafu anakuja kulipa giaboksi nzima.

Mukinunua angalieni kifuniko kama sili haijaguswa, na namba ya kibali chini ya alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, tumeni SM# na namba hiyo kwenda 20023 mkiwa bado dukani kabla hamjatoa pesa. Muuzaji akikasirika kwa hilo ondokeni. Na chupa lifunguliwe kwenye garaji mbele yako, si dukani.

Nyinyi wenye maduka nawaomba kitu kimoja, na hakiwagharimu. Tenganisheni rafu. Andikeni hapa GL-4 ya giaboksi, hapa GL-5 ya difu, kwa karatasi na kalamu ya wino tu, na mtu akija kuomba "ile ya gia" muulizeni ni ya wapi kabla hamjanyoosha mkono.