Uzoefu wangu: Kuitazama bastola ya Sultani katika makumbusho ya Metropolitan, New York

Mara ya kwanza nilifika pale na kampuni moja ya utalii. Tulipewa saa moja kwa jengo zima, nikatoka sijaiona kabisa bastola niliyoifuata, ile ya Sultani wa Waturuki. Nilisononeka. Miezi michache baadaye nikarudi peke yangu, Ijumaa, siku ambayo makumbusho hukaa wazi hadi saa tatu usiku, na hivi ndivyo ninavyomshauri kila mtu aende.

Mimi ni mtoto wa sonara. Nimekua nikisikia tindo na nyundo ndogo tangu asubuhi, kwa hiyo silaha zenyewe si kitu kinachonivuta. Nilichokifuata ni nakshi.

Bastola hii ni Colt aina ya Dragoon, ya mnamo 1853, imetengenezwa Hartford, Connecticut. Usidhani ni kitu cha kutia mfukoni. Dragoon ina uzito wa karibu kilo mbili, na ilibebwa kwenye tandiko la farasi. Ina matundu sita. Kila tundu hujazwa baruti na risasi kwa mbele, na fataki hupachikwa kwa nyuma. Chuma chake ni cheusi chenye kuelekea buluu, kitako ni cha mti, na juu ya ule weusi dhahabu imetambaa kama majani yanayojikunja, jani likizaa jani. Katikati ya majani hayo kuna sura ya George Washington na nembo ya Marekani.

Nilisogea hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Dhahabu ile haikupakwa. Katika kazi ya namna hii fundi hukata mfereji mwembamba ndani ya chuma, akautanua chini kuliko juu, kisha akaupigilia dhahabu mpaka ikashika. Baada ya hapo husawazisha, halafu huchonga tena juu ya dhahabu yenyewe, mishipa ya jani na nywele za kichwa. Baba akikosea bangili huiyeyusha akaanza upya. Kwenye chuma huna nafasi hiyo. Kazi hii inahesabiwa kuwa ya Gustave Young, fundi mzaliwa wa Prussia aliyehamia Marekani, na kwangu mimi ndiye mwenye bastola kuliko mfalme yeyote.

Wafalme nao wana kisa chao. Inasimuliwa kwamba iliandaliwa kwa ajili ya Sultani Abdülmecid wa Kwanza wa Dola ya Uthmaniya, aliyetawala kuanzia 1839 hadi 1861, yule aliyejenga kasri la Dolmabahçe pale Istanbul. Samuel Colt, mwenye kiwanda kilichozitengeneza, alimpa Kaisari Nicholas wa Kwanza wa Urusi bastola pacha ya hii mwaka 1854, nayo iko makumbusho ya Hermitage, St Petersburg. Tazama tarehe vizuri: Vita vya Crimea vilikuwa vimeshaanza 1853, Waturuki na Warusi wanauana. Mfanyabiashara mmoja, fundi mmoja, zawadi mbili, na wapokeaji ni maadui. Hapo nilisimama muda mrefu, na uzuri wa ile dhahabu ukaniuma kidogo.

Sura ya Washington mwanzoni ilinishangaza: ya nini kwa Sultani? Lakini Abdülmecid huyuhuyu alipeleka jiwe la marumaru lenye tughra yake, yaani saini rasmi ya kisultani, likajengwe ndani ya mnara wa kumbukumbu ya Washington, na jiwe hilo lina tarehe ya 1853. Kwa hiyo jina hilo halikuwa geni kwake.

Kwa wanaotaka kwenda: tiketi ya mtu mzima ni dola 30, ila wakazi wa jimbo la New York hulipa wanachoweza. Jumatano hufungwa. Treni namba 4, 5 au 6 inakushusha 86th Street, halafu unatembea kuelekea Fifth Avenue. Silaha ziko ghorofa ya chini; ukiona wapanda farasi waliovaa deraya, ulizia chumba cha bunduki za Marekani. Angalia kwanza kwenye tovuti yao kama bastola imewekwa siku hiyo, kwa sababu vitu huhamishwa. Picha unaruhusiwa kupiga, bila mwanga wa kamera. Walinzi ni wapole. Mmoja alinionyesha mahali pa kusimama ili taa isirudishe mng'ao kwenye kioo, na hilo lilinisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Nampa kila mpenda nakshi ushauri mmoja: tenga saa nzima kwa kabati hilo moja.

Usiku ule nikamtumia baba picha kwa WhatsApp. Alikaa kimya kama dakika ishirini, kisha akaniandikia: "Mwanangu, hii ni ya upande mmoja. Upande wa pili uko wapi?"