CMA: usuluhishi nyota nne, uamuzi nyota tatu

Mnaouliza CMA kukoje, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazini hapa Tanzania, kwanza ni bure. Unajaza fomu namba moja, unampelekea mwajiri nakala asaini kwamba kapokea, afu unairudisha tume. Ila ukiachishwa kazi una siku 30 tu, ukipitisha unaanza kuomba kuongezewa muda na kujieleza ulikuwa wapi, usumbufu mtupu.

Lazima uanzie usuluhishi, na mimi niliishia hapo hapo. Msuluhishi hamhukumu mtu. Alitukalisha wote, afu akamtoa HR akaniuliza chini kabisa nachukua ngapi, nikatoka mimi akaingia HR, na kila HR akitoka simu iko sikioni anampigia bosi, ofa ikawa inapanda kidogo kidogo mpaka nikasaini. Yanayoongelewa mle hayaji kutumika kama ushahidi baadae kwa hiyo unafunguka tu. Na mkishasaini imetoka hiyo, mwajiri akizingua unaenda kukazia mahakamani, yani mahakama inamlazimisha alipe. Nyota moja nimekata sababu ukiwa na njaa unakubali hela ndogo, na bosi anajua una njaa.

Uamuzi, yani mnakoenda usuluhishi ukishindikana, nimeuona kwa mwenzangu tuliyefukuzwa naye, nilienda kumtolea ushahidi. Ile ni kesi kabisa jamani, kiapo, vielelezo, wakili wa kampuni anakuhoji mpaka unachanganya tarehe, na kila siku ya kusikilizwa ana udhuru. Lakini hapa ndo patamu: ukifukuzwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya msingi na alifuata utaratibu, na wale hata muhtasari wa kikao cha nidhamu hawakuwa nao. Jamaa kapata tuzo, ndo hukumu ya tume kwamba alipwe, nono kuliko nilichochukua mimi. Rufaa hakuna, kuna marejeo tu, yani kuomba uamuzi upitiwe upya, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ndani ya wiki sita, na kampuni imekimbilia huko, kwa hiyo tuzo anayo ila hela bado.

Mimi yangu nilishaweka kwenye bajaji.

Kama una mkataba na slipu za mshahara na hukuitwa kikao chochote, kaza kwenye usuluhishi, usishuke bei haraka. Kama huna karatasi hata moja malizana nao pale pale. Na siku ya kuitwa fika, mlalamikaji usipotokea msuluhishi anaweza kuitupa kesi, mwajiri asipotokea anaweza kuamua bila yeye.