Kiropraktori alinivunja "kraa" mugongo nyuma ya kuzala: uzoefu wangu hapa Goma, nyota tatu juu ya tano

Bamama wenzangu, hii nilitaka kuiandika tangu zamani lakini na mutoto mudogo munajua vile inakuwaga, unashika telefone, analia, unaiweka, unaisahau. Leo amelala na mama mukwe ameenda kanisani, basi acha niseme yote.

Niko Goma, upande wa Keshero. Mutoto yangu wa pili alitoka kwa sezariani, kilo tatu na nusu, kila kitu ilienda muzuri, Mungu ashukuriwe. Njo juma ya tatu mugongo ikaanza. Na si ile ya kusema nimechoka kidogo. Ilikuwa hapa chini kabisa, fasi tunafungiaga kikwembe, upande wa kuume, kama mutu amechomeka kijiti ndani na anakizungusha kila mara unageuka mu kitanda. Usiku kuamuka kunyonyesha nilikuwa nateleza kwanza chini na magoti, nashika kitanda, napumua, njo nasimama. Usiku moja nilishindwa kusimama kabisa, nikabaki pale kwa magoti na mutoto analia, na bwana yangu fofofo, mpaka nikamutupia kandambili njo akaamuka.

Kartie yote walikuwa na jibu moja tu: ni rashi. Ile sindano ya mugongo banapigaga juu ya sezariani. Jirani alisema rashi, dada ya kwaya alisema rashi, hata motari mwenye alinipeleka ku soko alinigeukia akasema "mama, ile sindano haitokaka". Na mi niliamini, juu kila mwanamuke mwenye alipasuliwa anasema vile. Nitairudilia hii.

Mama mukwe ye alianza na dawa yake. Maji ya moto, kitambaa, anakanda mpaka unaona nyota mchana, kisha ananifunga tumbo na kitenge, anakaza na goti juu kabisa. "Mukazana, ukijiacha hivi utabaki umelegea." Sisemi mubaya juu yake, kukandwa kulikuwa kutamu sana na saa moja nyuma nilikuwa nalala muzuri. Lakini kesho yake kijiti iko palepale.

Basi dada moja tulisoma naye akanambia kuko kiropraktori anatokaka Nairobi, anakuja kila juma mbili, anapanga chumba fulani mu Himbi. Kiropraktori, kama haumujui, si dokta wa kupasua na si kine (ule wa kufanyisha mazoezi ya mwili), ni mutu anasomeaga kusukuma na kugeuza mifupa ya uti wa mugongo na mikono. Mi nilikuwa nimeona mavideo yao ku telefone, unajua zile, mutu analala, banamuzungusha, kraa! na analia juu ya furaha. Kusema ukweli nilikuwa nataka kraa yangu tu, sikuwa na akili ya kuuliza mengine. Bei: dola 40 mara ya kwanza, 30 seansi zinafuata. Kwa mi hiyo ni karibu gunia ya makala, kwa hiyo bwana yangu aliuliza mara mbili kama nimesikia muzuri.

Kichekesho ni njia. Wenye muko hapa munajua bararabara zetu za ndani, volkano ya 2002 ilipita mpaka katikati ya muji na mawe yake njo tunajengea nyumba, njo tunajengea bipangu, njo tunatembelea pia. Sasa piga picha mutu anaenda kutengenezesha mugongo juu ya pikipiki, mawe kwa mawe, motari anasema "shikilia mama" na mi nauma kikwembe. Nilifika kule mugongo imekuwa mubaya kuliko nilivyotoka ku nyumba. Kama unaenda kwa mutu wa mugongo, omba taksi kama makuta iko, ao ambia motari aende pole hata akikasirika.

Seansi ya kwanza nampa nyota tano, nasema bila kuficha. Hakunigusa nusu saa nzima. Aliuliza tu. Sezariani ilikuwa siku gani, damu imekauka, kidonda inatoka maji? Muguu unakufaka ganzi? Mukojo unaukamata ao unatoroka? Homa? Jasho ya usiku? Umepunguka kilo kuliko kawaida? Nikamuuliza, dokta, jasho na mugongo vinaingilia wapi? Akasema tibi (kifua kikuu) inaweza kuingia mu mifupa ya mugongo, na hapa kwetu tibi iko, kwa hiyo mutu mwenye mugongo inamuuma, anakonda na analowanisha shuka kila usiku, ye hamugusi, anamutuma hospitali. Kisha akasema ingine yenye nilikamata mu kichwa: ukisikia ganzi fasi ya kukalia, kati ya mapaja, na mukojo inakataa kutoka ao inatoka yenyewe, ile ni hospitali siku ileile, usingojee kesho na usiende kwa kiropraktori yeyote. Na muguu moja ikivimba na kuuma nyuma ku nyama ya chini ya goti, vilevile, juu mwanamuke mwenye amezala juzi damu yake inagandaga haraka.

Akanilaza chali, magoti juu, akaniambia nyanyua kichwa kidogo. Akaweka vidole katikati ya tumbo juu ya kitovu. Vikazama! Vidole viwili na nusu, kati ya misuli ya kushoto na ya kuume, kama unatia mukono mu mufuko. Akasema ni kawaida mimba inaachanishaga ile misuli, kwa wengi inarudia yenyewe kidogo kidogo, lakini wakati bado iko wazi mugongo njo unabeba kazi ya tumbo. Batoto wawili nimezala na hakuna mutu alishaniangaliaka hapo.

Na rashi sasa. Alicheka. Akasema sindano inaweza kuacha uchungu kidogo palepale ilipoingia, siku kadhaa, lakini mugongo ya miezi na miezi si yeye. Wachunguzi balinganisha bamama wenye walipigwa sindano ya mugongo wakati ya kuzala na wenye hawakupigwa, na maumivu ya muda murefu ilikuwa sawa tu. Chenye inaleta ni miezi tisa tumbo inakuvuta mbele, ni homoni moja inaitwa rilaksini inalegeza mishipa yenye inafunga nyonga juu mutoto apate njia, ni misuli ya tumbo imeachana, na kisha unarudi nyumbani unainama ku beseni, unainama ku mutoto, unanyanyua bidoni. Nilirudi nikaielezea jirani yangu vizuri kabisa. Akanitazama na huruma: "Wewe, banakula tu makuta yako."

Siku hiyo hakunivunja. Kidonda ilikuwa bado changa, akatumia meza yenye iko na kipande inaangukaka kidogo ukisukumwa, tok, tok, basi. Nilikasirika kidogo, nimelipa 40 na sikusikia kraa.

Kraa ilikuja seansi ya pili. Alinilaza upande, muguu ya juu imekunjwa, akashika bega na mukono moja na kiuno na ingine, akasema "pumua, toa hewa", na wakati hewa inaisha akasukuma. KRAA. Nilisikia sauti ku masikio na ku mifupa pamoja. Haikuuma. Machozi yakatoka yenyewe, sijui hata juu ya nini, labda juu ya usiku zote zile. Nikasimama nikatembea mu kile chumba kama binti, naenda narudi, dada yangu mwenye alikuwa anashika mutoto anacheka. Na ye mwenyewe kiropraktori aliniambia usizani mufupa ulikuwa umetoka na umerudi, ile sauti ni hewa tu mu maji ya kiungo, kama ukivunja vidole. Hiyo nilipenda, juu wengine mu mavideo banasema "nimerudisha mufupa".

Shingo nilikataa. Nilikuwa nimesoma kwamba kugeuza shingo kwa nguvu, ni mara chache sana lakini inatokeaka, inaweza kupasula mushipa wa damu unaopanda ku kichwa na mutu anapooza. Nikamuambia dokta, mi naumwa kiuno, shingo acha. Akaacha bila maneno.

Sasa furaha ilikaa muda gani? Siku mbili. Ya tatu maji ilikatika ku parseli, nikaenda mwenyewe ku robine ya jirani, bidoni ya litre 20, nikainyanyua kama nilivyozoea, na kijiti ikarudi fasi yake kama mupangaji mwenye alikuwa ameenda tu kusalimia famili.

Seansi ya tatu njo tulikosana. Kwanza alitoa karatasi: seansi 12, ukilipa zote sasa unapunguziwa. Nikauliza juu ya nini 12? Akasema mugongo yangu imetoka mu laini na inahitaji "matengenezo". Mutu mwenye juma mbili mbele aliniambia hakuna mufupa imetoka! Akataka pia nipige radio (picha ya mifupa) ya mugongo muzima, na ye mwenyewe alishaniuliza maswali yote na hakuona alama ya hatari hata moja. Kisha akamutazama mutoto, alikuwa analia siku hiyo, akasema, "Mama, huyu analia sana, ni shingo yake ilivutwa wakati ya kutoka. Mulete nimurekebishe kidogo, hata tumbo itatulia."

Mutoto wa miezi miwili.

Sikujibu. Nilichukua kitenge, nikainama na mugongo yangu mubovu vilevile, nikamutia mutoto ku mugongo, nikafunga. Yeye akabaki na mikono juu.

Nyuma njo nikaenda kusoma ile mawazo inatokea wapi. Kumbe kiropraktika ilianzia Marekani, muji Davenport, jimbo la Iowa, 1895, na mutu anaitwa Daniel David Palmer. Mugonjwa wake wa kwanza, Harvey Lillard, alikuwa mufanya usafi mwenye masikio hayasikii muzuri, na Palmer akasema amemusukuma mugongo na masikio imefunguka. Kutoka pale akafundisha kwamba magonjwa 95 juu ya 100 inatoka ku mifupa ya mugongo imehama. Basi ukiwa na nyundo ile, hata kilio ya mutoto inakuwa musumari. Ku mugongo sikatai, nimeonja mwenyewe, iko inasaidia. Lakini tumbo ya mutoto na shingo yake, hapana, sitaki mutu akuje kujifunzia pale. Na kilio yenyewe iliisha alipofika miezi mine, bila mutu kumugusa, vile ya batoto wengi inaishaka.

Mwenye alinitoa pale ni kine, mama mukubwa fulani, dola 10 seansi, nilienda mara ine tu. Hakuna kraa, hakuna machozi. Mazoezi yake inachosha roho: lala chali, kunja magoti, toa hewa pole na uvute tumbo ndani, mara kumi. Nyanyua kiuno, shusha. Kaza chini kama unazuia mukojo, hesabu tano, legeza. Kila siku. Juma mbili za kwanza nilizani ananichezea. Lakini aliniuliza kitu kiropraktori hakuniuliza: siku yako inapitaka namna gani? Nikamuonyesha. Akanirudisha ku kila kitu. Beseni ya kufula haikai tena chini, inakaa juu ya kiti. Kunyonyesha, mutoto ndiye anapandishwa na mito mpaka ku ziwa, mi siinami tena kumufwata. Kutoka mu kitanda unageuka upande kwanza, miguu inashuka, mukono inakusukuma. Kitenge ya mutoto inafungwa juu zaidi asininginie ku kiuno. Na bidoni ya 20, akasema, seansi inafuata kuja na bwana yako. Alikuja. Akamuambia, "Papa, maji ya nyumba ni yako mpaka mutoto atembee." Bwana yangu, mwenye hajawahi kushika bidoni tangu tuoane, akasema ndiyo mama.

Nikaona pia kwamba OMS (Shirika la Afya Duniani), Desemba 2023, walitoa muongozo juu ya mugongo ya chini yenye inauma muda murefu kwa watu wakubwa, si ya wazazi tu. Mazoezi iko ndani, masaji iko ndani, hata kusukuma mifupa iko ndani. Senture ya kufunga kiuno, hiyo wanasema hapana. Mama mukwe sijamuambia. Akikuja navaa kitenge yake ya tumbo, akirudi naivua.

Kwa hiyo nyota tatu. Mbili ya maswali yake ya siku ya kwanza, moja ya ile kraa, juu siku mbili bila maumivu zilinionyesha kwamba mugongo yangu haijafa. Mbili nimezitoa juu ya ile karatasi ya 12 na juu ya mutoto. Kama makuta yako ni ya seansi moja tu, mi ningeanza kwa kine. Kama unaenda kwa kiropraktori, angalia tu kama anauliza mbele ya kugusa, na akianza kuhesabu seansi zenye hujaomba, simama.

Sasa mutoto ana miezi nane na ni muzito, mugongo inanikumbusha tu siku ya kufula mashuka. Mwezi uliopita kiropraktori alinitumia ujumbe ku WhatsApp: "Mama, zimebaki seansi tisa." Nilimutumia picha ya bwana yangu saa kumi na moja asubuhi, anapanda na bidoni mbili.