Muhuri wa Nchi kwenye Bapa la Kisu: Uzoefu Wangu

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopanda Meru na Kilimanjaro, na kisu ni kifaa ninachokishika kila siku, kuanzia kukata kamba za hema hadi kumsaidia mpishi kumenya viazi anapozidiwa. Wenzangu huniuliza mara kwa mara, kabla hawajatoa fedha zao, iwapo nchi kilikotengenezwa kisu inatosha kutuambia ubora wake, hasa kwa visu vya kukunja ambavyo wauzaji huviita vya kijeshi.

Jibu langu nimelipata kutoka kwa visu viwili vya kampuni moja. Spyderco ni kampuni ya Marekani yenye makao yake Golden, Colorado, lakini visu vyake hutengenezwa Golden kwenyewe, Seki nchini Japani, Taiwan, Italia na China, na mahali kilikotoka kila kimoja pamechongwa kwenye bapa, waziwazi. Ninayo Delica 4 ya Seki, mji ambao wahunzi wake walianza kufua panga zaidi ya miaka 700 iliyopita, na ninayo Tenacious ya China. Delica ina chuma cha VG-10 kinachoyeyushwa Japani, chenye kaboni, inayokipa ugumu, asilimia 1 hivi, na kromiamu, inayozuia kutu, asilimia 15 hivi. Tenacious ina chuma cha Kichina cha 8Cr13MoV, chenye kaboni asilimia 0.8 hivi na kromiamu asilimia 13 hivi.

Nilivinoa vyote viwili kwa kinoo kilekile hadi vikanyoa malaika ya mkono, kisha nikakata kamba ya katani yenye unene wa kidole, kipande baada ya kipande, juu ya ubao. Tenacious ilianza kuteleza juu ya nyuzi mapema kuliko Delica, lakini ilirudisha makali baada ya kupitishwa kwenye kinoo mara chache tu, ilhali Delica ilinitaka nikae nayo kwa muda mrefu. Kwa mtu anayelala porini siku saba, wepesi huo wa kunoleka una thamani yake. Kuhusu ufundi, sikuona cha kulaumu katika kisu cha China: kikikunjwa, bapa hukaa katikati ya mpini, na kikifunguliwa, kifungio hushika bila kucheza.

Naamini siri kubwa imo katika moto. Chuma hupashwa hadi kikaiva, hupozwa ghafla kiwe kigumu, kisha hupashwa tena kwa joto la chini ili kisiwe chepesi kuvunjika, na kiwanda kinachoharakisha hatua hizo huharibu hata chuma kizuri. Kampuni ya Buck ya Post Falls, Idaho, imejijengea heshima kwa 420HC, chuma cha kawaida kabisa, kwa sababu ya namna inavyokipitisha motoni.

Upande wa pili wa jambo hili niliuona sokoni. Nilinunua kisu kinene cheusi kilichoandikwa "Germany" bila jina la kiwanda wala la chuma, na ncha yake ilikatika nilipokuwa nikitoboa mshipi wa ngozi. Mahali palipovunjika palikuwa na chengachenga kubwa kama sukari, dalili ya chuma kilichopashwa moto kupita kiasi. Iliniuma sana, kwa sababu niliamini neno moja. Ujerumani yenyewe hulilinda kisheria tangu 1938 jina la Solingen, mji wake wa watengenezaji visu, na kisu hakiruhusiwi kubeba jina hilo ikiwa hatua zake kuu za utengenezaji hazikufanyika huko. Neno "Germany" peke yake, kwenye kisu kisicho na mwenyewe, halikunipa dhamana yoyote.

Kwa hiyo sasa hutafuta kwanza jina la chuma, kisha la kiwanda, na nchi huisoma mwisho. Hata bei haifuati nchi kama tunavyodhani: Morakniv Companion, kisu changu kingine, hutengenezwa Mora, Sweden, ambako mishahara si midogo, lakini huuzwa kwa bei ya chini kuliko hiyo Tenacious, kwa kuwa haikunjiki, haina skrubu wala kifungio, na mpini wake ni wa plastiki. Delica hukaa mfukoni mwangu, Tenacious nimemwachia msaidizi wangu, na Companion imo katika begi la jiko, ambako mpishi haniruhusu tena kuiondoa.