Kipali au Kitibeti: mtafsiri wa maandiko ya Kibuddha aanze na lugha ipi?

Kwa gharama, Kipali, lugha ya kale ya India, kinaongoza. Kinasomeka kwa herufi za Kilatini, Pali Text Society ya Uingereza imekichapisha tangu karne ya 19, na matini nyingi ni bure mtandaoni. Ila shamba hilo limeshalimwa: suta (mahubiri ya Buddha) kuu zina tafsiri kadhaa za Kiingereza.

Kitibeti kinachosha. Neno lenye maana ya namba nane huandikwa "brgyad" na kutamkwa karibu na "gye"! Lakini kazi ipo tele: Tengyur, mkusanyo wa fafanuzi za maandiko ya Kibuddha, ina majuzuu zaidi ya 200, mengi hayajatafsiriwa, na mradi wa tafsiri uitwao "84000", ulioanza 2010, hufadhili watafsiri.

Nafasi za uhadhiri ni chache kotekote. Unayejisomea nyumbani, Kipali kitakufaa. Unayeweza kuhamia Kathmandu, Nepal, kuliko na walimu wa Kitibeti, kwa miaka kadhaa, Kitibeti.