Shure SM58: maiki ya mghani anayepanda slamu kwa mara ya kwanza

Sheria za slamu, yaani mashindano ya kughani mashairi jukwaani mbele ya majaji, zinakuvua karibu kila kitu. Hakuna ala ya muziki, hakuna vazi la maigizo, hakuna kifaa cha kushika mkononi. Shairi liwe lako mwenyewe na liishe ndani ya dakika 3. Unabaki na sauti, mwili na maiki, kwa sababu kanuni zilizoenea kutoka Marekani zinahesabu maiki na stendi yake kuwa mali ya jukwaa, na kila mshindani ana haki ya kuzitumia. Hata hivyo, wageni wengi hukariri shairi wiki nzima, kisha maiki wakakutana nayo siku hiyo hiyo mbele ya majaji.

Aghalabu maiki yenyewe ni Shure SM58 au mwigo wake. Ilitoka mwaka 1966, na waliokusudiwa kwanza walikuwa watu wa studio za redio na televisheni. Kampuni ya Shure ilianzishwa Chicago mwaka 1925. Katika mji huo huo, mwaka 1986, Marc Smith, aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi, alihamishia mashairi yake ya jukwaani kwenye klabu ya jazi ya Green Mill, na slamu ikapata sura tunayoijua leo. Maiki na mchezo vimetoka mji mmoja, na kweli vinaendana.

Kwa maoni yetu, SM58 ndiyo maiki bora ya kujifunzia slamu, na ukiwa na uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, nunua hiki. Inavumilia sana, ila kuna jambo moja haivumilii: umbali. Karibu kila kosa tunalosikia kwa mghani mgeni, lile ambalo watu hulitaja kuwa ni woga, ni kosa la sentimita.

Ndani yake mna kiwambo chembamba kilichoshikamana na koili ya waya kando ya sumaku. Sauti ikikitikisa kiwambo, koili hutoa umeme mdogo. Haihitaji betri, na haihitaji umeme kutoka kwenye mixa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Inapokea sauti kuanzia Hz 50 hadi 15,000 (Hz ni mitikisiko kwa sekunde), ina gramu 298, na inasikiliza zaidi kwa mbele, kwa eneo lenye umbo la moyo. Nyuma yake, upande wa waya, haisikii karibu kitu. Ndiyo maana fundi wa sauti huiweka monita, spika inayomrudishia mghani sauti yake, sakafuni, nyuma ya maiki kabisa, ili maiki isiisikie.

Sasa pima. Ukiusogeza mdomo kutoka sentimita 5 hadi 10, sauti inayofika inashuka kwa desibeli 6 hivi, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukifika 20, yaani shubiri moja, umeshapoteza kama 12. Mghani mgeni husimama shubiri na nusu kwa adabu au kwa hofu ya kuimeza maiki. Fundi naye analazimika kupandisha sauti, maiki inaanza kusikia ukumbi mzima pamoja na spika zenyewe, na ule mlio mkali unaotoboa masikio unatokea. Watu humlaumu fundi, kumbe mghani yuko mbali.

Mahali pa kukaa ni upana wa vidole vinne, kama sentimita 7. Ukitaka kunong'ona, sogea hadi vidole viwili. Ukitaka kupaza au kuimba kiitikio, rudi nyuma hadi shubiri. SM58 haikwaruzi hata ukipiga ukelele, bali spika za ukumbi mdogo ndizo zinazokwaruza, na masikio ya jaji aliyekaa meza ya mbele ndiyo yanayoumia.

Kukaribia nako kuna gharama. Maiki za aina hii huongeza besi kila mdomo unapokaribia. Midomo ikiwa karibu kugusa wavu wa chuma ulio kichwani mwa maiki, sauti zilizo karibu na Hz 100 hupanda kwa desibeli 6 hadi 10. Mwanamume mwenye sauti nzito hupenda anavyosikika pale, kama mtangazaji wa redio ya usiku. Lakini sikiliza yanayopata maneno. Kiswahili kimejaa sauti za puani mwanzoni mwa silabi, mb, nd, ng, nj, na nguvu za sauti hizo ziko chini, palepale besi inapovimba. Beti lenye “mbingu”, “ndugu” na “njaa” linageuka mvumo mmoja, na mtu wa kiti cha nyuma anasikia uzito bila neno. Ukinong'ona kwa vidole viwili, basi punguza kasi na utamke konsonanti kwa ncha ya ulimi. Au mwombe fundi mapema apunguze besi kwenye mkondo wako. Ni kazi ya sekunde tatu kwake.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, pale unapokaa mbali au kugeuza kichwa. Lugha yetu inaweka mzigo wa maana mwanzoni mwa kitenzi, na mkazo inauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno “hawatarudi”. Mkazo uko kwenye “ru”. Ile “ha” ya kukanusha imekaa mwanzoni, haina mkazo, na h yenyewe ni pumzi tu. Mghani akiwa anageuka kutoka kwa majaji wa kushoto kwenda wa kulia wakati anaitamka, maiki inakosa “ha” na ukumbi unasikia “watarudi”. Shairi la msiba limekuwa shairi la matumaini, na mghani hajui kwa nini pale alipotarajia kimya watu wamepiga makofi. Ndivyo ilivyo kwa “hatulipi” na “tulipi”, “hamkujua” na “mkujua”: sikio linabaki kukisia. Kwa hiyo kanushi zote zitamkwe uso ukiwa umeelekea maiki. Pitia shairi lako kwa kalamu, kila “ha” na kila “si” uipigie mstari. Hapo hugeuki.

Na kugeuka kunawezekana bila kupoteza sauti. Ukiwa unatumia stendi, zunguka maiki, usiipe kisogo: kidevu kibaki umbali uleule huku miguu ikihama nusu hatua. Ukiishika mkononi, kiwiko kikae karibu na ubavu, na mkono ufuate kichwa. Kiwiko kikining'inia, maiki hushuka kidogo kidogo kadiri shairi linavyoendelea, na kufikia dakika ya pili iko kifuani.

Jinsi ya kuishika: mpini, katikati. Usifunike kile kichwa cha wavu kwa kiganja, hata kama wanamuziki wa kufokafoka unaowapenda hushika hivyo. Chini ya wavu mna matundu ambayo ndiyo yanayoifanya maiki isisikie nyuma. Ukiyaziba, inaanza kusikia pande zote, monita nayo ikiwemo, na ule mlio unarudi. Kama ni ya kutumia bila waya, usishike pia kitako chake, maana kwenye nyingi antena iko huko.

Herufi p ndiyo mtihani wake. Wavu una sponji ndani inayokata pumzi, na kwa b na t inatosha. Kwa p haitoshi ukiwa umesimama sawa mbele yake. Wazungumzaji wa Lamu na Mombasa wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa mpumuo wanajua: neno la yule wa porini linatoka na upepo, na upepo huo unakipiga kiwambo kama ngumi. Kaa na maiki nyumbani ughani mshororo huu:

Papa wa Pemba wapita, pepo zikipiga pwani.

Una mizani 16, yaani silabi, na p nane. Ughani kwanza mdomo ukitazama wavu moja kwa moja, usikie mabomu nane. Kisha shusha maiki iwe usawa wa kidevu, ikielekea juu kwa mshazari, pumzi ipite juu yake na sauti iingie. Mabomu yatapungua hadi mawili au hakuna. Faida nyingine ni kwamba uso wako unaonekana. Jaji anapotoa alama anatazama mdomo na macho, na maiki iliyosimamishwa usawa wa pua inaficha vyote.

Stendi nayo inahitaji mazoezi. Kabla yako amepita mtu mrefu au mfupi kuliko wewe. Ukifika, shika bomba la juu kwa mkono mmoja, legeza kwa mkono mwingine ile shingo ya kukazia iliyo katikati ya nguzo, shusha au pandisha, kaza. Usikunje mkono wa pembeni wa stendi kujaribu kupata kimo, utashuka wenyewe katikati ya ubeti. Kama utaghani bila stendi, ichomoe maiki kwenye kishikio kwa mvuto mmoja wa kwenda juu, kisha isogeze stendi nyuma yako. Stendi tupu iliyobaki mbele inakukata vipande viwili machoni pa watu. Kanuni zinampa mghani sekunde chache za kurekebisha maiki kabla saa haijaanza, lakini mtunza saa anaweza kuianzisha mara tu anapoona umeshaungana na hadhira, hata kama hujatamka neno. Fanya mazoezi mpaka yote yaishe kwa sekunde tano.

Usipulize maiki kuijaribu, wala usiigonge. Tamka mshororo wa shairi jingine, au salimia, ila ujue salamu inaweza kuanzisha saa.

Na saa ni ya kuheshimu. Kwa utaratibu wa Marekani kuna nyongeza ya sekunde 10 baada ya dakika 3, kisha kila sekunde 10 zinazozidi, hata zikianza tu, hukatwa nusu alama. Majaji 5 wanatoa alama 0 hadi 10, ya juu na ya chini zinatupwa, tatu za kati zinajumlishwa. Tuseme umepata 8.1, 8.4, 8.6, 9.0 na 9.5. Jumla yako ni 26.0. Ukimaliza kwa 3:14 inakuwa 25.5, na mashindano mengi huamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Kumbi za Ujerumani huruhusu dakika zaidi, na mratibu wa Nairobi au Goma anaweza kuwa na utaratibu wake, kwa hiyo muulize kabla hujaandika.

Kwa wanaotoka kwenye tarbia hesabu ni rahisi. Ubeti una mishororo minne ya mizani 16, yaani mizani 64. Kwa mwendo wa mizani 4 kwa sekunde ni sekunde 16, na pumzi ya sekunde 2 baada yake, 18. Dakika 3 ni beti 10 kamili. Andika 9, kwa sababu vigelegele na vicheko havisimamishi saa, na ukighani juu ya makofi, hakuna maiki itakayokuokoa.

Kusoma kwenye karatasi kunaruhusiwa. Ishike chini ya maiki na pembeni, maana ikiwa juu inarudisha sauti na mchakacho wake unaingia wote. Kwenye simu, zima mtandao kabisa. Simu ikitafuta mawimbi karibu na nyaya hutoa ule mdundo wa tit-tit-tit kwenye spika.

Kuhusu kununua. Bei yake kwa miaka mingi imekaa karibu na dola 100 za Marekani, na kwetu ongeza usafiri na ushuru. Chukua ile isiyo na swichi. Yenye swichi inazimwa na kidole gumba bila mwenyewe kujua, na kwenye slamu dakika hairudi. Kama fedha hazitoshi, maiki ya Behringer XM8500 inafundisha umbali na p kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, ingawa sauti yake ni kavu zaidi. Beta 58A ya Shure hiyo hiyo inasikiliza eneo jembamba zaidi, na kwa mtu ambaye bado anayumbisha kichwa tungemwambia asubiri.

Bandia ni nyingi mno, zenye boksi na nembo kamili. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na kampuni. Bei ikiwa nusu, acha. Beba mizani ya jikoni: ya kweli ina gramu 298, na za bandia tulizopima zilikuwa nyepesi waziwazi. Kisha itikise karibu na sikio, kisicheze kitu ndani.

Wavu wake unafunguka kwa kuzungusha. Ukiwa umetoka kwenye jukwaa la wageni ambako watu ishirini wameghania maiki moja, uufungue, uuoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo pamoja na sponji yake, uuache ukauke usiku kucha kabla ya kuurudisha. Usiuoshe ukiwa bado juu ya maiki. Boksini utakuta maiki, kishikio na mfuko wa zipu. Waya hamna, kwa hiyo tenga fedha ya waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, wa mita 5 au 6, urefu unaokuwezesha kutoka kwenye mixa hadi mbele ya jukwaa dogo bila kuuvuta.