EA Sports WRC: wiki yangu ya kwanza na Safari Rally sebuleni

Haya wadau, nimekaa na hii gemu ya rali ya dunia (WRC) kama wiki moja hivi kwa PS5 ya binamu yangu (PS4 haishiki, msijisumbue), ilitoka Novemba 2023 lakini mimi ndo nimeifikia sai, juu vitu kama hizi huwa nazingoja zizeeke kwanza.

Kitu ya kwanza, na najua kila Mkenya atafanya hivohivo, nikaruka Monte Carlo, nikaruka Ufini, moja kwa moja Kenya. Mimi nimewahi kusimama Naivasha kando ya barabara tangu alfajiri nikingojea gari inayopita ukipepesa macho imeshaenda, kwa hivyo hiyo vumbi naijua, ile unaikuta hadi kwa meno. Na wacha niseme tu, wameipata. Rangi ya udongo, migunga, jua la jioni likikupiga kwa kioo huoni kitu, aki nilisimamisha gari katikati ya steji (kipande kimoja cha rali unachopimwa muda) nikazungusha kamera tu kama mtalii. Mamangu alipita sebuleni akauliza kwani wanarudia ya mwaka gani.

Sasa hiyo kuangalia-angalia ndo ilinimaliza. Nilikuwa nimezoea gemu za mzunguko, unafukuzana na wenzako, kona ni zilezile mpaka unazijua kwa moyo. Huku uko peke yako na saa, barabara huijui, na mtu pekee wa kukuokoa ni navigeta anayekusomea kinachokuja. Anasoma namba, 1 hadi 6. Mimi kwa akili yangu nikaona 6 ndo hatari, kumbe 6 unapita na mguu umekanyaga kabisa, 1 ndo kona mbaya, halafu kuna heapini ambayo unajikunja kabisa kurudi ulikotoka. Kwa hivyo kwa 6 nashika breki kama mzee wa kanisa, kwa 1 naingia nimefungua yote. Mti. Mti tena. Mara ya tatu nikatoka na gurudumu moja limelala, nikamaliza steji nikikokota kama mkokoteni.

Pia usianze na zile za Rally1, daraja la juu kabisa, juu unaona Toyota ya kina Ogier, yule bingwa wa rali, inang'aa pale. Zina nguvu hadi unaogopa. Mimi nilishuka hadi Fiesta ya Rally4, ndogo, inavutwa na magurudumu ya mbele, haikuadhibu sana ukikosea, na hapo ndo nilianza kuelewa kwamba breki unaimaliza kabla ya kona si ndani yake. Natumia pedi tu ya mkononi, si usukani, inatosha, mradi vidole vibonyeze polepole.

Gemu ilitoka na gari 78, na kuna za zamani kibao. Sisi wa Nakuru tulilelewa na hadithi za dereva wa rali Patrick Njiru na Subaru yake, kwa hivyo nilipopata Subaru Impreza ya zamani sikuendesha hata, nilikaa pale mwanzo wa steji nikipiga resi tu, binamu akaniuliza kama niko sawa.

Ile sehemu ya kuendesha timu yako mwenyewe, bajeti, wafanyakazi, kalenda, nimeiacha. Nina kazi mchana, siwezi toka ofisini nikuje nyumbani kufanya ofisi ingine. Na kuna kitu naimisi, ule umati wa watu juu ya mawe na miti, choma inanukia, helikopta ikisikika mnajua anakuja. Lakini hiyo sijui nani angeitia kwa diski.

Jana usiku nimemaliza Soysambu, steji moja ya hapo Kenya, bila kugusa mti hata mmoja, sauti ya navigeta nimeiongeza hadi mwisho, na ukiniuliza mandhari ilikuwaje siwezi kukuambia, sikuona kitu, nilikuwa nasikiza tu. Leo jioni narudi kuangalia ripulei nijue nilipita wapi.